Udongo Uliotoa Povu

"Rudia," Bi Mawe alisema.

"Nimesharudia."

"Basi mashine imeharibika."

Dada wa maabara aligeuza kiti chake, akamtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayekataa jina la ugonjwa wake. "Mashine ni nzima. Maji ya mashamba mengine yametoka sawasawa. Haya yako ndiyo yenye neno."

Bi Mawe akainama tena kwenye kioo cha kompyuta. Alikuwa amevaa gauni lake jipya la bluu, lile ambalo Shangazi alilipiga pasi asubuhi hiyo mpaka likakaribia kuongea, na juu yake koti jeupe la maabara. Alikuwa amepita dakika moja tu kuchukua majibu. Nje, ndani ya gari la kukodi, Shangazi alikuwa akimngoja, kwa maana leo wazee wa pande mbili walikuwa wakutane kuzungumzia posa yake.

Kwa kawaida jiwe likiyeyuka ardhini haliachii kitu kimoja. Huachia madini ya kalsiamu na magnesiamu na silika kwa pamoja, kama wageni waliopanda gari moja: akishuka mmoja, utawaona na wenzake. Lakini katika maji haya, yaliyonyonywa kwa mirija kutoka chini ya mizizi ya mahindi, kalsiamu ilikuwa imepaa na wenzake hawaonekani.

"Imekuja peke yake," dada wa maabara alisema taratibu. "Na wewe na mimi tunajua kalsiamu inayokuja peke yake inatoka wapi."

"Usiseme."

"Chokaa, shoga yangu. Kuna mtu ametia chokaa kwenye vipande vyako vya majaribio. Vyote vyenye unga wa mawe, isipokuwa kile cha juu karibu na mtaro. Kile ni safi."

Bi Mawe alitafuta kiti kwa mkono, bila kuangalia, akaketi.

Jina hilo, Bi Mawe, alipewa na wakulima alipofika kwao mara ya kwanza na malori ya mawe yaliyosagwa yakawa laini kama unga wa sembe. Walimcheka. Msichana mzima, elimu yote hiyo, anakuja kulisha ardhi mawe! Yeye akacheka nao, kisha akawaeleza kwamba udongo wao ulikuwa umechoka na umekuwa mchungu, na kwamba mawe yale meusi, yakimong'onyolewa na mvua, yangeweza kuupunguzia uchungu na kuirudishia mimea chakula. Hilo ndilo alilotaka kulipima: yanayeyuka kwa kasi gani, na mmea unapata nini. Mwenye shamba aliyekubali kumpa vipande vya kujaribia alikuwa kijana mmoja anayeitwa Kimya, aliyepata jina hilo utotoni kwa sababu unaweza kukaa naye kutwa nzima ukaondoka na maneno matano.

Kimya alimchimbia mashimo ya mirija. Kimya alimshikia chupa. Siku moja mvua iliwakuta shambani, akavua koti lake akafunika chupa za sampuli, wote wawili wakalowa chapachapa, na Bi Mawe akajua hapohapo kwamba amekwisha, amependa.

Msimu wa kwanza haukuonyesha kitu. Msimu wa pili mahindi yakasimama kama askari wa gwaride, majani kijani kibichi mpaka yanaelekea weusi. Profesa, mkuu wake wa kazi, akampigia simu akicheka kwa furaha. Kila mtu akacheka.

"Nipe ile chupa ya asidi," Bi Mawe alisema, akivua koti la maabara.

"Unakwenda wapi na asidi? Leo si ndiyo siku yenu?"

"Nipe."

*

"Mwenzako anakwenda ukweni na manukato, wewe unakwenda na asidi," Shangazi alisema gari lilipoondoka. Ndiye aliyemlea tangu alipobaki yatima, na ulimi wake haukuwahi kupumzika. "Mbona umenyauka hivyo? Mama yake Kimya amekutumia ujumbe?"

"Hapana, Shangazi."

"Maana yule mama mimi namjua kwa sifa tu. Alisema nini vile? Anataka mkwe, hataki mgeni mwenye sanduku?"

Ndivyo alivyosema. Mama yake Kimya hakumkubali Bi Mawe hata siku moja. Alimwamkia vizuri, alimkaribisha chai, lakini kila alipomimina ile chai aliuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Na kazi yako itakuhamisha lini?" Na nyuma ya nyumba yake, kando ya bustani ya mboga, palikuwa na magunia ya chokaa ya shamba. Bi Mawe aliyaona mara nyingi alipokwenda kunawa mikono. Sasa aliyaona tena akilini, gunia juu ya gunia, na kila kilima lilichopanda gari kilimsogezea wazo moja chafu: ni yeye. Ameharibu kazi yangu ili nifukuzwe kwa aibu.

Gari lilipofika kwenye shamba, alimwomba dereva asimame.

"Dakika moja tu, Shangazi."

"Na hilo gauni?"

Alikuwa ameshashuka. Alipita kwenye mabua makavu mpaka kipande cha katikati, akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Chini ya vumbi la juu, ndani ya udongo mwekundu, mlikuwa na punje ndogo nyeupe. Alizichukua kiganjani, akadondosha tone moja la asidi.

Udongo wa pale, kama ungekuwa peke yake, ungelinywa lile tone na kunyamaza. Huu ulichemka. Ulitoa povu jeupe, ukalia chii, kama mafuta ya moto yaliyoguswa na maji.

Alidondosha la pili, mahali pengine. Povu. La tatu. Povu.

Alifuta vidole kwenye majani, akarudi garini na magoti mekundu. Shangazi alimtazama yale magoti, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga bila kusema.

*

Sebule ilikuwa imefagiliwa mpaka sakafu inang'aa. Vitambaa vya viti vilikuwa vipya. Kimya alisimama walipoingia. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililombana shingoni, na macho yake yalipomwona Bi Mawe yaliwaka kama dirisha lililofunguliwa ghafla. Kisha yakashuka kwenye magoti yake. Yakabaki pale.

"Karibuni, karibuni sana," mama yake alisema. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Hamjambo humu?" Shangazi aliketi akajipanga kama anayejiandaa kwa vita.

Bi Mawe naye akamwamkia mama, akajibiwa, akaketi pembeni. Alikuwa amepanga kusema mara moja. Lakini mama alimtangulia.

"Kabla hatujaanza mengine," mama alisema, akiwa amefumbata mikono mapajani, "mimi nina neno. Nisipolisema litanikaba." Alimgeukia Bi Mawe. "Mwanangu, mimi nilikupinga. Wewe unajua, na yeye anajua, na nyumba hii inajua. Niliogopa utamchukua kijana wangu au utamwacha, na yote mawili kwangu ni msiba. Lakini tangu baba yake afariki, humu ndani hapakuwa na kicheko. Mwaka huu nimemsikia huyu anacheka shambani, peke yake, kama mwehu. Basi mimi ni nani hata nikizibe? Nimekubali. Ukihamishwa, mtahama. Nami nitazoea."

"Alhamdulillahi!" Shangazi aliruka. "Mimi nilikuja na maneno yangu yote, sasa niyapeleke wapi?"

Walicheka. Hata Kimya alicheka, ingawa hakuinua macho. Ni Bi Mawe tu ambaye hakucheka. Alikuwa akimtazama yule mama, uso wake uliolegea kwa furaha ya kushindwa, na kitu ndani yake kilikuwa kinasema nyamaza, nyamaza leo, utasema kesho. Lakini neno lilikuwa limeshafika mlangoni.

"Mama, nakuomba unisamehe kwa nitakalouliza. Nani amechukua chokaa yako akaitia kwenye vipande vyangu?"

Mama aliinua mikono kutoka mapajani.

"Chokaa?" mama alisema.

"Nimetoka kuipima. Ipo. Mahindi yale hayakustawi kwa mawe, yalistawi kwa chokaa. Magunia yapo kwako. Nami nauliza tu..."

"Unauliza tu." Mama alisimama taratibu. Furaha ilimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililopasuka. "Nakupa mwanangu, nawe unaniita mharibifu? Mbele ya mzee wako? Nyumbani kwangu?"

"Wewe mtoto!" Shangazi alishika kichwa. "Umerogwa? Mwombe mama yako msamaha, sasa hivi!"

"Asiombe," Kimya alisema.

Wote watatu waligeuka.

"Asiombe msamaha. Mama hajui kitu." Alifungua kifungo cha shati lililombana. "Ni mimi."

Shangazi alikuwa bado ameshika kichwa kwa mikono miwili. Bi Mawe alisikia yale maneno, akayaelewa moja moja, lakini yalikataa kukaa pamoja. Ni. Mimi. Alimtazama yule mtu aliyefunika chupa zake kwa koti lake, akatafuta usoni pake alama ya utani, na hakuiona.

"Umesemaje?" alinong'ona.

"Ni mimi niliyetia."

*

Walisimama uani, nyuma ya nyumba, kati ya bustani na yale magunia. Kutoka ndani hawakusikia hata kijiko kugusa kikombe, maana yake wazee walikuwa wamesimama dirishani.

"Kwa nini?"

Kimya aliangalia mikono yake.

"Leo usininyamazie," Bi Mawe alisema, na sauti yake ilipasuka. "Muda wote huu nimekupenda na huo ukimya wako, nikadhani ni upole. Leo sema!"

"Profesa alikuja," alisema. "Baada ya mavuno ya kwanza. Ulikuwa shambani unachukua udongo. Alikuwa kibarazani anaongea na simu. Akasema hapa hapaonyeshi kitu, msimu ujao kukiwa hivihivi tunafunga, yule binti tunampeleka kituo kingine. Akataja kituo. Ni mbali. Ni mbali mno."

"Ukachukua chokaa."

"Nikasema, mahindi yakistawi watakuacha. Basi tu. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilijua chokaa inaondoa uchungu wa udongo, mama anaitumia kila mwaka. Nikasema itafanya kazi ileile ya mawe, kuna ubaya gani?"

"Kuna ubaya gani?" Alicheka, kicheko kikavu kilichomtisha hata yeye. "Nilisimama mbele ya watu, Kimya. Niliwaambia mawe haya yameyeyuka kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Nilikuwa nimejiamini! Na wewe ulikuwa umekaa mstari wa nyuma unanipigia makofi."

"Nilitaka kukwambia. Kila siku."

"Kila siku ulikuwa na mdomo."

Kulikuwa na swali moja lililobaki, na Bi Mawe aliliogopa kuliko yote.

"Kipande cha juu, karibu na mtaro. Kile hukukitia. Kwa nini?"

"Chokaa iliisha."

"Chokaa iliisha," alirudia. Machozi ambayo asubuhi yote yalikataa kuja yalikuja sasa, bila kwikwi, yakimwagika tu. "Kile ndicho kilichokuwa kinasema kweli. Silika inapanda pale. Magnesiamu inapanda. Kidogo, kidogo sana, lakini inapanda. Mawe yanafanya kazi, Kimya. Yalikuwa yanafanya kazi muda wote. Ningekuwa na jibu dogo la kweli la kumwonyesha Profesa, na pengine angeniacha. Ungengoja tu."

Kimya akashika ukingo wa gunia.

"Ina maana..."

"Ina maana hivyo."

Hapo ndipo walipomsikia mtu akipiga hodi kwa furaha kwenye lango la uani. Alikuwa Mama Mapacha, jirani wa shamba la chini, mwanamke mwembamba aliyewalea wanawe wawili peke yake. Alikuja na kitenge begani na meno yote nje.

"Nimesema lazima nije nimwone bibi harusi! Jamani, mbona unalia? Ya furaha hayo, ya furaha." Alimkumbatia Bi Mawe kwa nguvu. "Mwanangu, Mungu akubariki. Nimewaambia wanawake wote wa huku chini, mwaka huu hakuna kuhangaika na mbolea wala chokaa. Tumeshajinunulia unga wa mawe kama wako na kuumwaga mashamba yote. Tumeyaona mahindi ya Kimya kwa macho yetu, hatukuambiwa. Mvua ikinyesha wiki hii, tunapanda!"

Bi Mawe alimtazama Kimya juu ya bega la Mama Mapacha. Kimya alikuwa amebadilika rangi. Mdomo wake ulikuwa wazi, na usoni pake aliona kwamba hadi dakika ile hakuwa ameliwaza jambo hilo. Alidanganya ili ambakize mtu mmoja, na nyuma ya uongo wake watu wamepanga foleni na mbegu zao mkononi.

"Wote?" Kimya aliuliza. "Mama Mapacha, wote?"

"Wote! Hata yule mbishi wa kona."

*

Waliitisha mkutano jioni ileile, jua likiwa bado juu, chini ya paa la bati wanapopimia mavuno. Kimya alimwambia Bi Mawe, "Nitasema mimi," naye akamjibu, "Useme yako. Yangu nitasema mwenyewe."

Kimya alisimama mbele ya majirani zake. Jasho lilikuwa limelowanisha lile shati la posa.

"Mahindi yangu ni ya uongo," alisema.

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha. Mtu mmoja akapaza sauti, "Jamani, Kimya kaongea, andikeni!" Akangoja kicheko kiishe. Kisha akaeleza: alichotia, wapi, na kwa nini. Alimtaja Bi Mawe mara moja tu, kusema kwamba hakujua. Kadiri alivyoendelea, nyuso mbele yake zilikauka moja baada ya nyingine. Mama Mapacha alikuwa mstari wa mbele. Hakupiga kelele. Alivuta kitenge chake akajifunika mabega, ingawa hapakuwa na baridi.

"Mimi nilikubeba mgongoni ulipokuwa mtoto," alisema mwishowe. "Ningekuuliza usingeniambia?"

Kimya alisogea pembeni.

Bi Mawe akasimama. Aliwaambia mawe waliyomwaga hayataharibu kitu na yataendelea kuwafaa miaka ijayo, lakini msimu huu yasitegemewe. Atakayepanda bila mbolea na bila kuuponya udongo atavuna mabua. Aliwaambia alikosea kutangaza kabla ya kupima vya kutosha, na kwamba ameshampigia Profesa na kumweleza yote.

"Akasemaje?" mtu aliuliza.

"Alisema vipande vilivyotiwa chokaa vifutwe. Cha juu kibaki, atakuja mtu mwingine kukipima. Mimi nahamishwa."

Nyuma, karibu na nguzo, mama yake Kimya aliweka kiganja mdomoni.

Mkutano ulivunjika bila kufungwa. Wengine walipita mbele ya Kimya bila kumtazama. Mbishi wa kona alimpita, akarudi, akasema, "Kesho uje na lile toroli lako. Chokaa ya mama yako tutaigawa, na wewe utaisukuma mpaka shamba la mwisho." Kimya akaitikia kwa kichwa.

Shangazi alikuwa ameshaingia garini. Mama yake Kimya alimfuata Bi Mawe hadi kwenye mlango wa gari, akamshika mkono ule uliofukua udongo.

"Ulinishuku mimi," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini wewe ulinishuku mimi kwa sababu nilisema wazi sikutaki. Na yeye aliyekutaka hukumshuku. Shika hilo, mwanangu, litakusaidia huko uendako." Akamwachia.

Kimya alikuja mwisho. Alisimama mbali kidogo na gari.

"Sikuombi ubaki," alisema.

"Najua."

"Nakupenda. Nilitaka niseme na hilo kwa mdomo. Sijawahi."

Kweli hakuwahi. Bi Mawe alilisubiri neno lile misimu miwili. Alilisubiri kwenye mvua, kwenye mashimo, kwenye vikombe vya chai. Sasa limekuja, na limemkuta amesimama na mlango wa gari mkononi. Alimtazama mpaka macho yake yakashindwa kumwona vizuri. Kisha akaingia, akafunga.

Dereva aliwasha gari, akangoja amri. Shangazi alimgeukia, na safari hii ulimi wake ulikuwa mpole.

"Unampenda bado?"

"Ndiyo."

"Basi?"

Bi Mawe alifuta macho kwa kiganja, udongo mwekundu ukamchora shavuni.

"Basi twende, Shangazi."